Hotuba ya Mgeni Rasmi

Jumanne, saa nne asubuhi, Mwalimu Apolonia Alfonsi alimpigia magoti adui yake. Magoti kabisa, siyo ya kuigiza. Alivua viatu mlangoni, akaingia sebuleni na soksi, akasema "Shikamoo Mzee," kisha akashuka mpaka kwenye zulia, mikono ameiweka mapajani. Ungekuwepo ungesema, loo, huyu mama kalelewa. Kumbe moyoni alikuwa anamtafuna yule mzee nyama na mifupa, na bado hashibi.

Mzee mwenyewe ni Deogratias Kamugisha, mkaguzi wa shule mstaafu. Nyumba yake iko Goba, kule vilimani ambako kila mstaafu siku hizi anapandisha ukuta umzidi jirani.

"Marahaba, marahaba! Nyanyuka binti, kaa kwenye kochi," akasema. "Bado unafundisha Chamazi?"

"Bado, Mzee. Darasa la pili. Watoto tisini na nane."

"Na ile kazi ya kuandika andika uliiacha?"

Nyuma ya kichwa cha mzee kulikuwa na kabati la vioo, na ndani yake vimesimama vitabu sita vya aina moja, jalada jekundu, *Tezo na Machozi*, jina la D. Kamugisha limeandikwa kwa herufi za dhahabu. Apolonia alivitazama vyote sita kabla hajajibu.

"Nimejichapishia kakitabu, Mzee. Ka kwangu mwenyewe, bila kampuni. Tunakazindua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukumbi wa parokia kule kwetu. Nimekuja kukuomba uwe mgeni rasmi."

"Kanahusu nini?"

"Mambo ya nyumbani tu. Kumbukumbu za mzazi."

Mzee akakohoa. Macho yakaenda kwenye kabati, yakarudi. "Kumbukumbu za mzazi," akarudia polepole. "Lakini vitabu vya wenzako unasomaga, Mwalimu? Mwandishi lazima asome."

Mtego huo, na Apolonia aliuona toka mbali. Akavaa sura ya kijinga kuliko zote alizonazo. "Nisome saa ngapi, Mzee wangu? Madaftari ya watoto yenyewe nasahihisha huku nasinzia. Kitabu cha mtu sijakishika tangu nimalize chuo."

Basi mzee akapumua, uso ukamrudi, akaita dada wa kazi alete juisi ya ukwaju. "Nitakuja," akasema. "Sie wakongwe tusipowashika mkono nyie, mtashikwa na nani? Hotuba mtaniandalia?"

"Tutakuandalia, Mzee. Kama zamani."

"Herufi kubwa kubwa lakini. Macho yamechoka."

"Kubwa, Mzee. Kubwa mpaka ufurahi mwenyewe."

Alikunywa juisi yote asionekane na kiburi. Akaaga, akavaa viatu vyake, akatembea mpaka alipopita kona, pale ukuta wa mzee unapoishia, akatema mate chini. Ptuu! Halafu akacheka peke yake barabarani mpaka dereva wa bodaboda akapunguza mwendo kumwangalia.

Sasa usimwone mbaya kabla hujajua alichofanyiwa.

Baba yake, Alfonsi, alikuwa mchonga vinyago. Mmakonde wa Newala aliyeingia Dar es Salaam na tezo moja na patasi tatu, akachonga mpingo miaka thelathini kwenye vibanda vya Mwenge. Sifa yake ilikuwa nyuso. Wateja walikuja wakauliza, yuko wapi yule anayechonga nyuso zinazokuangalia? Ila miaka saba ya mwisho mikono ya Alfonsi ilikuwa inatetemeka, hata kikombe cha chai kilimwagika. Na nyuso ziliendelea kutoka, nzuri kuliko mwanzo. Zilikuwa zinachongwa Chamazi, uani nyuma ya jiko, na mke wake Rosalia.

Kwa Wamakonde wa rika lao mwanamke kushika tezo lilikuwa jambo la kuchekwa, na atakayechekwa zaidi ni mumewe. Kwa hiyo walinyamaza. Asubuhi mzee aliondoka na kinyago kimefungwa kwenye kanga kuukuu, jioni alirudi, akamwambia mkewe, "Wamezipenda nyuso zako." Watoto hawakujua. Mzee alipokufa na arobaini ikapita, mama Rosalia akamwita Apolonia peke yake uani, akamsimulia yote.

"Liandike," akamwambia. "Lakini uliandike wewe, kwa jina lako. Anayelisema awe mtoto wake, siyo mpita njia."

Apolonia akaandika. Miaka miwili, kila akimaliza kusahihisha kazi za watoto, mpaka akajaza kaunta buku nne zenye majalada meusi. Zilipokamilika, mtu pekee aliyemjua anayehusiana na vitabu alikuwa Mkaguzi Kamugisha. Wakati huo anakaa Sinza, anaingia kwenye kamati za vitabu, anajua wachapaji. Mwaka 2016 Apolonia akampelekea zote nne. Hakutoa nakala hata ya ukurasa mmoja, hakuomba aandikishiane naye. Utamwambiaje mtu mzima, mkaguzi, unayemwamkia shikamoo, kwamba hebu weka sahihi hapa umepokea? Kwetu hilo ni tusi. Alimkabidhi kwa mikono miwili na kagoti kidogo.

Miezi saba baadaye mkaguzi akasema, "Mwalimu, haya hayana soko." Apolonia alipoyafuata madaftari yake, mkaguzi akashika kiuno, akasikitika. "Yamepotea wakati tunahamia Goba. Pole sana, binti. Endelea kuandika." Na Apolonia, masikini ya Mungu, akampa pole na yeye, maana alionekana ana huzuni kweli! Kila akilikumbuka hilo, baadaye, alikuwa anajipiga kofi la paja.

Mwaka 2018 kaka yake Venance, ambaye ndiye aliyerithi kibanda cha baba pale Mwenge, alikuja nyumbani kwa mama na kitabu chenye jalada jekundu. Alikuwa amekinunua kwa muuza vitabu anayetandaza chini, baada ya wachongaji wenzake kumtania wiki nzima. Akakaa, akamsomea mama. Mtu anayeitwa D. Kamugisha anasimulia maisha ya baba yake mzazi, mchonga vinyago. Newala imegeuzwa kijiji cha kanda ya ziwa, jina la Alfonsi limefutwa. Mengine yote yapo. Mikono inayotetemeka ipo. Mke anayechonga nyuma ya jiko yupo, na kanga kuukuu, na "wamezipenda nyuso zako." Hata kigoda kipo: "Nilipokuwa na miaka minne niliung'ata mguu wa kigoda cha baba kwa hasira, na alama za meno yangu zipo mpaka leo." Meno yake! Yale meno yalikuwa ya Apolonia, na kigoda mama alikuwa amekikalia hapo hapo anasomewa.

Wachongaji wa Mwenge si wajinga, walijua ni nani anayesemwa. Wakacheka. Kumbe Alfonsi alikuwa anachongewa na mkewe! Wakamcheka marehemu kaburini, wakamcheka Venance kibandani. Na mama Rosalia akapiga hesabu ya watu aliowahi kuwaambia siri ile, akapata mmoja.

"Umemuuza baba yako kwa mtu baki," akamwambia Apolonia. "Umemvua nguo."

Apolonia akalia, akaapa, akagaragara. Haikusaidia. Yale ya kuvuliwa nguo yalikuwa maneno ya mwisho mama kumwambia kwa miaka sita. Kila Jumapili Apolonia alienda na kapu la mboga na dawa za sukari za mama, akakaa mkekani pembeni yake, na mama akamgeukia Venance: "Mwambie mwenzio majani ya chai yameisha." Wamekaa hapo hapo, magoti karibu yagusane! Ofisi ya hakimiliki alikokwenda kulalamika walimsikiliza vizuri, wakamuuliza nakala ya maandishi yake iko wapi. Kamugisha ana kitabu kimesajiliwa. Yeye ana nini? Ana mdomo.

Mama alikuwa ana miaka themanini na moja, sukari inampanda inamshuka. Hofu ya Apolonia ilikuwa moja tu, kwamba mama atakufa akiamini mwanawe alimuuza mumewe. Pole yoyote haikufaa, ushahidi wowote hakuwa nao. Kilichobaki ni kinywa cha Kamugisha mwenyewe, kiseme mbele ya mama. Na Kamugisha atasemaje? Hakuna binadamu anayejishtaki.

Alichofanya kwanza ni kukaa chini aandike upya. Kila neno lililomrudia lilimrudia na hasira, lakini lilirudi. Zamu yake ya kupokea pesa za mchezo wa walimu ilipofika, hakununua kabati wala bati, akazipeleka zote Sinza kwa Gregori.

Gregori ana kiduka cha uchapaji katikati ya baa na gesti, mashine zake zinapigana kelele na muziki kutwa nzima. Siku za wiki anachapa kadi za harusi na vitabu vya mahubiri, Jumamosi anageuka MC. Nakala ya kwanza ya majaribio ilitoka kurasa kumi na sita zimesimama kichwa chini miguu juu. Ya pili gundi ikaachia, kitabu kikamwagika sakafuni.

"Sista, vumilia. Kitabu cha kujichapishia ndo kilivyo, kinakusumbua mpaka unakichukia," Gregori akasema. "Jina lako tuliweke dogo hapa chini, au?"

"Liweke kubwa. Kubwa kuliko jina la kitabu."

"Itakaa vibaya."

"Ikae vibaya hivyo hivyo."

Kitabu kiliitwa *Kigoda cha Alfonsi*. Waligombana mara moja zaidi, kuhusu sura ya saba. Ilikuwa na kichwa tu, "Hii ni ya mama. Akitaka atasema mwenyewe," na baada ya hapo kurasa tano nyeupe. Gregori akasema watu watadhani mashine imekosea. Apolonia akamwambia wadhani watakavyo, siri ile aliwahi kuiandika mara moja na ikamtosha.

Siku Gregori alipouliza, "Na mgeni rasmi wa uzinduzi ni nani?" ndipo Apolonia alipokumbuka kitu, akakaa kwenye boksi la karatasi akacheka mpaka machozi.

Mjini hapa kila mtu anajua kwamba mgeni rasmi haandiki hotuba. Anayemwalika ndiye anayemwandikia, yeye kazi yake kusimama na kusoma. Wengine angalau huipitia wakiwa njiani. Kamugisha hakuwaga na tabia hiyo. Enzi zake za ukaguzi alikuwa mgeni rasmi wa mahafali shuleni kwao mara tatu, na mara zote tatu mwalimu mkuu alimpa Apolonia kazi ya kuandika hotuba. Mara ya pili, kwa kumsaidia, aliandika pembeni: "Hapa mgeni rasmi atulie, wazazi wapige makofi." Mkaguzi aliisoma nayo. Aliisoma kwa sauti ile ile ya kitaifa, "hapa mgeni rasmi atulie, wazazi wapige makofi," akageuza ukurasa, akaendelea, hajui hata alichosema. Wazazi walipiga makofi.

"Mgeni rasmi ninaye," Apolonia akasema, akifuta macho.

Aliiandika hotuba ile kwa siku tisa, na utamu alioupata kwenye siku hizo tisa hakuupata kwenye kitabu kizima. Aliiandika akipika, akaiandika kwenye kikao cha walimu. Na zile herufi kubwa alizoomba mzee mwenyewe ndizo zilizomfurahisha zaidi, maana ukurasa ulibeba sentensi tatu tu, hakuna namna jicho lingeona kinachokuja mbele.

Ikabaki mama. Apolonia akamwambia Venance, "Mwambie mama yule Kamugisha atakuwepo." Venance akaenda, akarudi na jibu. Mama amesema atakuja amwone aliyemnunua mume wake.

Jumamosi ikafika. Ukumbi wa parokia Chamazi ulipambwa vitambaa vyeupe kwenye viti vya plastiki, watoto wa darasa la pili wakaimba, mwenyekiti wa mtaa akafika, wachongaji wa Mwenge wakafika na kukaa mstari wa nyuma. Mama Rosalia aliingia mkononi mwa Venance. Viti vya plastiki vinamuumiza mgongo, kwa hiyo Venance alikuwa amembebea kigoda chake. Akakiweka mbele kabisa, mama akakaa, akafunga mikono, hakumwangalia binti yake hata kwa bahati mbaya.

Kamugisha alikuja na suti ya kaunda ya bluu. Apolonia akampokea kwa goti, akampa bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Mikono miwili, kama siku ile ya Sinza. Mzee akaiweka kwapani bila kuifungua. Apolonia akajikaza kisabuni, akaenda kukaa.

"Na sasa," Gregori akanguruma kwenye kipaza sauti, "tumsimamie mgeni wetu rasmi!"

Watu wakasimama, wakakaa. Mzee akatoa miwani, akatoa karatasi.

"Ndugu viongozi wa dini, viongozi wa serikali ya mtaa, wazazi, wasanii wa mpingo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa." Sauti yenyewe ilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Alishukuru kualikwa. Alisifu watoto. Akageuza ukurasa, akasema mwandishi anayejichapishia anastahili heshima kwa sababu anatembea peke yake. Watu wakapiga makofi. Akageuza.

"Mwalimu Apolonia sikuanza kumjua leo. Mwaka 2016 alikuja kwangu Sinza, akanikabidhi madaftari manne yenye majalada meusi. Ndani yake yameandikwa maisha ya baba yake, marehemu mzee Alfonsi, mchongaji."

Mama Rosalia akainua uso. Apolonia alikuwa anamtazama mama, wala hakuhangaika tena kumtazama mzee.

Karatasi ikageuka. "Aliniamini, hakuniomba hata sahihi. Niliyasoma madaftari yale yote nikayapenda sana. Nikamwambia hayana soko."

Ikageuka. "Baadaye nikamwambia yamepotea nilipohamia Goba. Hayakupotea. Niliyachapa kwa jina langu, nikamfanya baba yake kuwa baba yangu, na picha yangu nikaiweka nyuma ya kitabu."

Wa katikati ya ukumbi, wasiosikilizaga hotuba, wakapiga makofi. Makofi yakafa yenyewe. Mzee alikuwa ameshalamba kidole kugeuza ukurasa unaofuata, kidole kikabaki hewani. Midomo yake ikarudi nyuma kimya kimya kwenye mstari alioumaliza. Jasho jembamba likamtoka chini ya miwani. Akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Aa, utamu! Apolonia alikaa pale na mikono yake mapajani, sura ile ile ya Goba, akaunywa taratibu.

"Ndugu zangu," mzee akasema. "Ndugu zangu, hapana. Hii hotuba si yangu! Sikuiandika mimi. Nimeandikiwa!"

"Na kitabu je?"

Aliyeuliza ni mama Rosalia. Hakupaza sauti. Lakini ukumbi ulikuwa umekauka kiasi kwamba hata mstari wa nyuma walisikia, na wa nyuma ndio walioanza. Kicheko cha wachongaji kilitoka tumboni, kikapita kwa walimu, kikafika kwa mwenyekiti wa mtaa, aliyejaribu kukohoa akashindwa.

Mama akasimama. Akakigeuza kigoda chake miguu juu, akakiinua watu wakione. "Mwanangu Venance alinisomea chako chote," akasema. "Umeandika ulikiuma hiki ukiwa mdogo. Meno haya hapa. Sogea, baba, uume tena hapo hapo, tuone kama yanaingia."

Weee! Kuna mama alianguka na kiti chake. Simu zilikuwa juu zote. Mzee akazikusanya karatasi, akashuka hatua moja kwenye jukwaa, na hapo Gregori akamzibia njia kwa heshima zote za u-MC.

"Samahani Mheshimiwa. Kitabu bado hujakizindua. Tamko liko ukurasa wa mwisho."

"Niache nipite."

"Soma, baba," mama Rosalia akasema. Alikuwa ameshakaa tena. "Umekuja kusoma."

Angeweza kuondoka. Hakuna aliyemshika. Ila mtu aliyekuwa mgeni rasmi miaka thelathini hajui kuondoka bila kumaliza, miguu yenyewe haijafundishwa. Akarudi. Akatafuta ukurasa wa mwisho kwa vidole vinavyotetemeka, na Apolonia alivitazama vile vidole, akamkumbuka baba yake na kikombe cha chai, akatafuta huruma ndani yake. Hakuipata, na hakusikitika kuikosa.

"Natamka rasmi," mzee akasoma, sauti imebaki ya mtu mwingine, "kwamba kitabu hiki, *Kigoda cha Alfonsi*, kilichoandikwa na Apolonia Alfonsi, mtoto wa mchongaji, ambaye hakumuuza baba yake kwa mtu yeyote, kimezinduliwa."

Vigelegele.

Apolonia alimfuata mzee nje, mpaka kwenye gari. Adabu inataka mgeni rasmi asindikizwe. Mzee alikuwa anahangaika na funguo.

"Mwalimu," akasema bila kumwangalia. "Umenidhalilisha. Mtu mzima kama mimi."

Maneno haya Apolonia alikuwa ameyatunza miaka minane, akiyang'arisha kila siku. Akashika kiuno, akasikitika.

"Pole sana, Mzee," akamwambia. "Endelea kuandika."

Vitabu vilinunuliwa mpaka ikabaki boksi moja. Kesho yake, Jumapili, Apolonia akaenda kwa mama na kapu la mboga kama kawaida. Alimkuta uani kwenye kigoda, Venance pembeni na kitabu kipya mkononi, kimefunguliwa sura ya saba. Ndege wa jirani wanapiga kelele, sufuria la maharage lipo jikoni. Apolonia akakaa mkekani.

Mama alikuwa anapapasa kurasa nyeupe kwa kiganja, moja baada ya nyingine, zote tano.

"Hapa mbona hujaandika?" akauliza. Alimuuliza yeye. Hakumwambia Venance amuulize mwenzake, alimuuliza yeye mwenyewe, uso kwa uso.

"Ni pako, mama."

Mama akatikisa kichwa, akakitwaa kitabu kwa Venance, akakifunga, akakiweka mapajani. Machozi yalikuwa yanamtoka Apolonia, yanadondoka kwenye mchicha, na mama akamwacha alie kidogo, halafu akachoka.

"Basi, inatosha. Nilikukosea, mwanangu, nawe umenikuta bado nipo hai," akasema. "Ile hotuba ya yule bwana unayo?"

"Aliiacha pale mezani, mama. Ninayo kwenye mkoba."

"Itoe."

Apolonia akazitoa zile karatasi, herufi kubwa kubwa, kona moja imekunjika kwa jasho la mzee. Mama akajiweka sawa kwenye kigoda, akakunja kanga yake, akaegemeza mgongo ukutani.

"Nisomee," akasema. "Mwanzo ruka. Anzia kwenye madaftari, na ukifika pale alipokwama, rudia."